Ukwato wa Saa Nne

Kuna watu wa Riruta watakwambia Jackton ana wazimu kidogo. Usiwasikilize. Wazimu gani unaoamka alfajiri, unapiga mswaki, unachemsha chai na kufika kazini kabla ya mwenye kazi? Wanachokiona wao ni hiki: siku ya mapumziko, mtu mzima, baba wa watoto watatu, amekaa nje ya nyumba ya kupanga anamsaidia mke wake kukata sukuma wiki. Mara anasimamisha kisu hewani. Anageuza kichwa. Anasikiliza. Halafu anauliza, "Lornah, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kitu kinakwaruza."

Na Lornah, ambaye amekaa naye miaka ishirini na mitatu na hana tena subira ya kuchezewa, anamjibu, "Ni fundi wa hapo chini anachanganya simiti, Baba Everlyn. Kata mboga."

Lakini si simiti, na Jackton anajua si simiti. Ni ukwato wa mbele, wa mguu wa kulia, unaokwaruza sakafu. Krrr, unatulia. Krrr, unatulia. Huanza saa nne asubuhi na huisha saa nane mchana, na farasi mwenye ukwato huo alikufa miaka tisa iliyopita.

Jackton ni saisi. Kama hujui saisi ni nani, ni yule anayemlisha farasi, anayemsugua, anayemzolea mavi, anayemfunga tandiko na kumfungua, halafu picha zikianza kupigwa anaambiwa asogee kando. Alitoka Ugenya akiwa kijana wa kubeba mawe kwenye mijengo, akapata kibarua Waithaka kwa mama mmoja anayeitwa Wanjugu, na hajaondoka mpaka leo. Wanjugu ni mwenyeji wa huko. Ardhi ni ya babake mkwe. Wenzake wote walijenga nyumba za kupangisha mpaka kwenye ukuta wa choo, yeye akaacha ekari tatu za nyasi na farasi sita, kwa sababu marehemu mumewe aliwapenda na yeye akashindwa kuwachukia. Jumamosi watu wa Kilimani huleta watoto wao kupanda. Wafanyakazi humwita Mama Ciru.

Sasa, nikwambie ukweli: ukitaka mtu anayejua farasi upande huu wa mji, ni Jackton. Hapigi. Hapayuki. Farasi akigoma, wengine wanatafuta fimbo. Yeye anatafuta sababu. Anapitisha kiganja mgongoni polepole mpaka apate pale ngozi inaporuka, anasema, "Hapa ndipo panauma, tandiko limembana," na kweli ukitazama, limembana. Atakwambia farasi hasomi uso wako, anasoma pumzi yako. Ukiingia kwake ukiwa umebana pumzi, yeye anajua kuna simba mahali, na kama hamwoni huyo simba, basi simba ni wewe. Watu husikia hayo wakamsifu, wakamwita daktari. Jackton hutabasamu, na moyoni anaumia vibaya sana, maana anajua hayo yote alijifunza baada ya kumuua mmoja.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa iliyopita kulikuwa na kiangazi kibaya. Nyasi kavu za kununua zilikuwa hazipatikani, na farasi walikuwa wanapunguziwa. Kulikuwa na farasi wa kijivu, jina lake Jemadari, mzee, mpole, ambaye alikuwa na tabia ya kutia pua kwapani mwa Jackton kila asubuhi. Jackton alimpenda kupita kiasi. Ilimuuma kumwona akilamba ndoo tupu.

Ndipo binamu yake Lenox, aliyekuwa mlinzi kwenye magorofa ya Kilimani, akamwambia, "Huku nyasi zinakatwa na mashine kila Ijumaa, zinatupwa tu. Si uje ubebe?" Jackton akaenda akabeba gunia zima, laini, kijani, limejaa mpaka shingoni. Akalifunga. Likalala hivyo mpaka Jumamosi asubuhi. Alipolifungua lilikuwa na joto ndani, linanuka uchachu, lakini mtu aliyekulia na ng'ombe atajua nini? Ng'ombe wa kwao Ugenya angelila hilo gunia, akacheua, akalala. Nyasi ni nyasi. Akawagawia wengine pumba ya jana iliyobaki ndooni, akampa Jemadari zile nyasi peke yake, kwa sababu ya mapenzi. Jemadari akazibugia bila kutafuna.

Saa nne akaanza kukwaruza sakafu. Siku hiyo kulikuwa na sherehe ya mtoto, keki, puto, watoto kumi na wanane wanaotaka kupanda kwa zamu. Kila Jackton alipopita mbele ya banda, Jemadari alikuwa anakwaruza, anageuza shingo kuangalia ubavu wake, halafu anamwangalia Jackton. Ubavu, Jackton. Ubavu, Jackton. Angesemaje zaidi, maskini? Na Jackton, akidhani mzee anadai kutolewa nje, alimpiga kofi dogo la shingo, akamwambia, "Tulia, wewe. Zamu yako inakuja."

Saa nane Jemadari alilala chini na kuanza kugaragara. Daktari alifika saa tisa. Tumbo lilikuwa limejaa hewa na kujisokota. Farasi hatapiki, hacheui. Kikiingia kibaya hakina njia ya kurudi. Daktari aliuliza mara mbili, "Amekula nini?" Jackton alifungua mdomo. Haki ya Mungu alifungua mdomo. Ukatoka upepo mtupu.

Hapo ndipo mtu alipogundua mlango wa stoo ya pumba uko wazi. Aliyekuwa na ufunguo ni Nzau, saisi mwenzake, Mkamba mmoja mtaratibu, mtu ambaye walikuwa wanakula naye githeri kwenye sufuria moja. Mama Ciru akamuuliza mbele ya watu, "Nzau, ulifunga stoo jana?" Nzau akafikiri. Mwingine angesema nilifunga, mambo yaishe. Lakini Nzau alikuwa mtu wa kweli mpaka inaudhi. Akasema, "Sijui, Mama Ciru. Nadhani nilifunga. Labda nilisahau."

Ikaamuliwa kwamba Jemadari alitoka usiku akala pumba ya stoo mpaka akavimbiwa. Nzau akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Jackton alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea begi, wala hakusema neno. Mtoto wake Everlyn alikuwa ndiyo ameitwa sekondari, na karo ilitegemea kazi ile. Jackton akajiambia, labda kweli ilikuwa pumba. Miezi mitatu baadaye alimsikia daktari akimweleza mteja kwamba nyasi za mashine, zikishachacha ndani ya gunia, ni sumu kwa farasi. Alikuwa ameshika ndoo ya maji. Akaimwagia miguu yake mwenyewe. Namba ya Nzau ilikuwa kwenye simu yake, na iko mpaka leo, na hakuipiga.

Basi, hapo ndipo alipo, na katika hali hiyo ndipo alipoletewa Shaba.

Shaba ni farasi jike mwekundu aliyeletwa mwaka huu kutoka kwa watu walioshindwa naye. Alikuwa amepigwa huko. Hakubali kushikwa na mtu yeyote. Ukikaribia, anaondoka na vumbi. Haya yangevumilika, lakini kwato zake zilikuwa zimerefuka na kupasuka mpaka zinatoa damu, na fundi wa kwato hawezi kufanya kazi kwenye farasi anayekimbia. Mama Ciru akamwita Jackton barazani.

"Jackton, mimi sina roho mbaya. Lakini mnyama anaoza miguu nikiangalia. Asiposhikika hatibiki. Si Jumatatu hii, ile nyingine, daktari anakuja. Ukiwa umemvalisha hatamu, atatibu. Kama bado, atamchoma ile sindano ya mwisho. Tusilaumiane."

"Siku ngapi hizo, Mama?"

"Kumi na mbili. Ni nyingi."

Jackton akaanza. Kila siku aliingia uwanjani mikono mitupu, akasimama amempa Shaba bega, macho chini, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Shaba akikaza shingo, yeye anarudi hatua moja nyuma. Shaba akilegeza sikio, anabaki. Kazi ni hiyo tu, na ni kazi ngumu kuliko kuchimba mtaro. Siku ya tatu Shaba alikuwa hatua ishirini. Siku ya sita, hatua tano. Siku ya nane alikuja mpaka Jackton akasikia joto la pua yake mgongoni.

Halafu Shaba akainua mguu wa mbele akakwaruza ardhi. Krrr.

Farasi hukwaruza kwa mambo mengi. Wengine wanauliza tu. Lakini Jackton alikuwa ameshakufa ganzi kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, pumzi imekwama kifuani. Shaba akaruka kando na kutimua mbio, akaacha matone ya damu kwenye nyasi. Ikawa hivyo siku ya tisa. Ikawa hivyo siku ya kumi. Kila anapofika karibu, anauliza swali lake la ukwato, na kila mara Jackton anasikia farasi mwingine. Ijumaa jioni alimwambia Lornah, "Huyu mnyama nitamuua na yeye."

Lornah akamwangalia. "Na yeye? Mwingine ulimuua lini?"

"Nimesema vibaya," akajibu, akaomba chumvi.

Jumamosi, siku mbili kabla ya daktari, saa nne hivi, watoto wa Kilimani wakiwa bado hawajafika, mtu alibisha geti. Mama Ciru alikuwa amesema kuna mtunza bustani wa magorofa fulani anakuja kuomba samadi ya maua. Jackton akafungua. Alikuwa Nzau. Kazeeka, nywele zimeingia mvi, amevaa gambuti, ana magunia matupu begani na moja lililojaa mkononi, limefungwa mdomo.

"Jackton! Kumbe bado uko?"

"Nzau," akasema Jackton.

Nzau hakuingia. Alibaki amesimama kwenye mstari wa geti. "Niletee tu hapa, ndugu yangu. Mimi huko ndani siwezi. Nilimwambia huyo mama kwa simu kwamba mimi ni mtu wa bustani, sikumwambia jina."

"Ingia, bwana. Ni miaka mingi."

"Si yeye ninayemwogopa." Nzau akaangalia mabanda, akaangalia pembeni haraka. "Jackton, wewe nakwambia kwa sababu ulikuwepo. Mpaka leo naota ule mlango wa stoo. Naushika. Najaribu kukumbuka kama komeo liliingia. Nilifunga? Sikufunga? Tangu siku ile sijagusa farasi, hata punda wa mtaani simgusi. Yule mzee alikufa vibaya kwa uzembe wangu."

Jackton akashika nguzo ya geti. Miaka tisa alidhani mwenzake yuko mahali amekasirika kwa kuonewa. Mtu aliyekasirika unaweza kumkwepa. Hakuwahi kufikiri, hata mara moja, kwamba Nzau aliubeba ule uongo akaamini ni wake.

Akasema, "Ngoja nikuletee samadi," na akaenda. Ndiyo, alienda! Mwoga huyo. Akachukua sepetu, akajaza gunia la kwanza, la pili, anajiambia nikimaliza hili nitasema, nikimaliza hili nitasema.

Aliporudi, Nzau hakuwa getini. Alikuwa amesogea mpaka kwenye ua wa mbao unaozunguka uwanja wa Shaba, na Shaba, ambaye hakuwahi kumfuata binadamu, alikuwa anakuja kwake. Anachechemea, shingo ameinyoosha, pua imefunguka. Miguuni pa Nzau kulikuwa na gunia limefunguliwa mdomo. Mkononi alikuwa ameshika nyasi, laini, kijani.

"Nimemwona anachechemea, miguu ikanileta. Nyasi nilileta za shukrani," akasema Nzau kwa sauti ya chini, bila kugeuka, machozi yanamtoka. "Tulikata jana, kule kwetu Kilimani zinatupwa tu. Ona, Jackton. Ona anavyokuja. Ananikubali."

Hapo Jackton angeweza kusema, huyu ana mlo maalumu. Angeweza kulichukua gunia kwa upole, akasema asante, akalimwaga nyuma ya choo. Nimeshamwuliza, na ameniambia mwenyewe kwamba yote hayo yalimpitia kichwani. Halafu Shaba akasimama, hatua mbili kutoka mkononi mwa Nzau, akainua mguu wa mbele. Krrr.

"Usimpe!" Jackton akapiga ukelele ambao haujawahi kusikika kwenye shamba lile. "Nzau, usimpe! Ndizo zilizomuua Jemadari!"

Shaba akatimua. Nyasi zikamponyoka Nzau mkononi. Barazani, Mama Ciru, aliyekuwa anachagua njahi, yale maharagwe meusi, akasimama na ungo wake.

"Zipi zilizomuua?" akauliza Nzau.

"Nyasi za mashine. Gunia kama hilo, zimelala. Mimi ndiye niliyempa. Mimi. Asubuhi ile, peke yangu. Stoo haikuhusika. Jemadari hakutoka bandani. Daktari aliponiuliza nikanyamaza, Mama Ciru alipokuuliza wewe nikanyamaza, na begi nikakubebea." Alikuwa anaongea huku amepiga magoti kwenye samadi, hata hajui alipiga saa ngapi. "Sikujua, Nzau. Mwanzoni kweli sikujua. Halafu nikajua, na nikanyamaza tena."

"Ngai," akasema Mama Ciru. Alikuwa ameshuka ngazi, ungo bado mkononi, njahi zinamwagika. "Na mimi nikamfukuza mtu."

Nzau hakumwangalia Mama Ciru. Alimgeukia Jackton.

"Alikuita?" akauliza.

"Nani?"

"Jemadari. Kabla ya kuanguka. Farasi akiumwa tumbo huita. Alikuita?"

"Aliniita."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa nne. Mpaka saa nane."

"Na ukamwambia nini?"

Jackton akajifuta uso kwa mkono uliojaa samadi. "Nilimwambia atulie."

Nzau akatikisa kichwa polepole. Hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana. Alishika ua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima ambacho hakina aibu, mabega yanapanda na kushuka. Jackton naye akalia pale chini. Mama Ciru akasimama katikati yao asijue amshike nani.

Sijui ilichukua muda gani. Watoto wa Kilimani walifika, gari likapiga honi getini, Mama Ciru akaenda akawarudisha. Nilichoambiwa ni kwamba Jackton alipoinua macho, Shaba alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, kichwa amekishusha usawa wa kifua cha Nzau, anampumulia. Nzau alikuwa hataki kitu kwake, hamtegei, hata hamwoni. Alikuwa analia tu, pumzi yake yote iko nje.

Shaba akakwaruza. Krrr.

Jackton hakubana pumzi. Haikuwepo ya kubana. Akavua hatamu ya kamba aliyokuwa ameivaa begani kwa siku kumi na moja, akatambaa nayo mpaka kwenye ua, akaiweka kwenye kiganja cha Nzau.

"Mvalishe wewe," akanong'ona.

Vidole vya Nzau vilikuwa havijashika hatamu miaka tisa. Vilisita. Halafu kamba ikapita puani, ikapanda nyuma ya masikio, kifungo kikaingia mahali pake, taratibu, na Shaba akafumba macho nusu. Nzau akasikiliza kile kifungo kikiingia. Akakigusa tena kwa dole gumba kuhakikisha. Akakigusa mara ya tatu.

Mama Ciru alisema kazi ya Nzau ipo, ya leo, ya kesho, na kuhusu Jackton wataongea Jumatatu daktari akishatibu. Nzau aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya farasi, na alipozungumza alizungumza bila kugeuka.

"Kesho nitakuja saa moja nimzoeze kuinua miguu. Jackton, wewe usiwepo."

"Sawa," akasema Jackton.

Na hakuwepo. Jumapili alikaa nje ya nyumba yake Riruta na sinia la mboga. Lornah akamuuliza mbona haendi kumwangalia farasi wake, naye akamwambia. Akamwambia yote, kuanzia kwa Lenox na lile gunia mpaka kofi la shingo, na Lornah akamsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

Ilipofika saa nne Jackton akasimamisha kisu. Akageuza kichwa.

"Kimeanza?" akauliza Lornah.

"Kimeanza."

Lornah hakusema ni simiti. Aliweka kisu chake chini, akasogeza kigoda, akakaa karibu naye mpaka saa nane.